Seyyid Barghash: Sultani ambaye jenereta yake ilianzisha stima Mombasa

Tuseme uko Mtopanga, saa mbili usiku. Simu iko asilimia sita, tokeni zimeisha, na kwenye M-Pesa umebakisha shilingi hamsini. Unazinunua hizo hizo hamsini, unabonyeza zile namba ishirini kwenye mita, taa inarudi. Wakati huo huwazi historia. Unawaza chaji.

Lakini hiyo stima yako ina babu, na huyo babu si mzungu wa Nairobi wala injinia wa Olkaria. Ni sultani wa Zanzibar mwenye kilemba na ndevu, aliyefariki mwaka 1888. Jina lake Seyyid Barghash bin Said. Kenya Power wenyewe wakisimulia walikotoka huanzia kwake: mwaka 1875 alijipatia jenereta ya kuwashia kasri lake na mitaa iliyokuwa karibu. Miaka mingi baadaye mtambo huo ndio ulionunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, na hapo ndipo kampuni ya kwanza ya umeme mjini kwetu ilipozaliwa.

Siku hizi vijana wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanazungumza mambo ya sola, pikipiki za betri na miwani ya uhalisia pepe, ile unayovaa ukajiona uko mahali pengine kabisa. Mambo matamu. Ila kabla hujazama humo, mjue kwanza huyu mtu. Alipenda vitu vipya na alikuwa na pesa za kuvinunua, akawa navyo, na bado pwani karibu yote ikamtoka mikononi.

Mtoto wa kasri

Barghash alizaliwa Zanzibar mnamo 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan. Mwaka huo huo wa 1837 baba yake aliwang'oa Mazrui na kuishika Mombasa. Kwa hiyo Barghash alikua akijua kwamba Mvita, pamoja na bara lake la Kisauni, Likoni na Changamwe, ni sehemu ya milki ya nyumbani kwao.

Ngoja nikuonyeshe kitu kuhusu miaka hiyo. Mwaka 1838, huko London, mwanasayansi Charles Wheatstone alionyesha chombo chenye picha mbili, moja kwa kila jicho. Ukichungulia, ubongo unaziunganisha zile picha na unaona kina, kana kwamba kitu chenyewe kiko mbele yako. Kanuni hiyo ndiyo iliyo ndani ya miwani ya uhalisia pepe ya leo. Mwaka uliofuata, 1839, kijana Mfaransa aitwaye Edmond Becquerel, wa miaka 19 tu, aligundua kwamba mwanga ukipiga vipande vya chuma vilivyozamishwa katika maji ya kemikali unaweza kuzalisha umeme. Huyo ndiye babu wa paneli ya sola.

Kumbe hivi viwili unavyoviita teknolojia mpya ni rika la Barghash. Vilizaliwa pamoja naye. Vilichukua zaidi ya miaka mia na hamsini kufika mtaani kwako, na safari hiyo ndefu ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Ndugu wawili, kiti kimoja

Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, akisafiri kutoka Oman kurudi Zanzibar. Barghash alikuwa ndani ya jahazi hilo hilo. Alijaribu kuwahi kushika madaraka kabla habari hazijaenea, lakini akashindwa na kiti kikaenda kwa kaka yake, Majid.

Hakutulia. Mwaka 1859 alipanga uasi, akisaidiwa na dada zake wawili, Khole na Salme. Nyumba yake ikazingirwa na askari wa Majid, naye akatoroka kati ya wanawake, amejifunika kama mmoja wao. Mwisho Waingereza wakaingilia upande wa Majid, uasi ukazimwa, na Barghash akahamishiwa Bombay.

Kwa kijana wa miaka ishirini na kitu hiyo ilikuwa adhabu, lakini ilimfungua macho. Bombay ya wakati ule ilikuwa na reli tangu 1853. Ilikuwa na simu za waya, viwanda vya nguo na mitambo ya kuchapisha vitabu. Aliishi katika mji huo takriban miaka miwili akiona jinsi mashine zinavyobadilisha maisha ya watu, na jinsi zinavyompa nguvu yule anayezishika. Aliporudi mwaka 1861 alikaa kimya akingoja. Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akawa sultani.

Saini iliyozaa Kengeleni

Hakupata muda wa kujinyoosha. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikavunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu. Mwaka uliofuata Waingereza walimjia na mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alikataa. Balozi wao, John Kirk, akamweleza kwamba manowari zitafunga bandari ya Zanzibar. Tarehe 5 Juni 1873 akatia saini, na soko la watumwa likafungwa.

Usije ukamfanya shujaa wa ukombozi. Alisaini kwa kubanwa, na utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi 1897 na katika pwani yetu hadi 1907. Karafuu zilizomtajirisha zilichumwa na watumwa. Kila kifaa chake kipya utakachosoma hapa chini, kumbuka jasho hilo.

Lakini wewe wa Kisauni, saini hiyo inakuhusu moja kwa moja. Baada ya mkataba, watu waliookolewa kutoka majahazini walihitaji mahali pa kuishi, na kuanzia 1875 wamishonari wa CMS wakaanzisha makazi yao upande wa bara, mkabala na kisiwa. Wakayaita Frere Town, kwa jina la Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kumshinikiza Barghash. Wakatundika kengele ya kuwaonya watu wakati wa hatari. Makanga akipiga kelele Kengeleni, anataja kengele hiyo.

Safari ya London

Mwaka 1875 ulianza kwa mizinga. Januari, manowari za Kiingereza zilishambulia Fort Jesus kumtoa Al-Akida, aliyekuwa amemwasi Barghash ndani ya ngome. Sultani akarudishiwa ngome yake, ila kila mtu mjini aliona nani mwenye mizinga.

Miezi michache baadaye akaalikwa Uingereza. Alifika Juni, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na bandarini, akarudi kupitia Ufaransa na Misri. Safari hiyo iliandikiwa kitabu kizima cha Kiarabu. Aliporudi, alikuwa mtu aliyeona anachokitaka.

Alinunua merikebu za stima zikabeba mizigo na abiria hadi Bombay. Meli yake nyingine, Glasgow, iliundwa mwaka 1878 huko Scotland. Alianzisha kiwanda cha kuchapisha vitabu. Mwaka 1879 waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Zanzibar, na habari iliyokuwa ikichukua wiki nyingi kufika London ikawa ya saa chache. Mwaka 1883 akamaliza Beit al-Ajaib, jumba la maajabu. Hilo ndilo lililokuja kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti.

Halafu kuna maji. Hiki ndicho kitu ambacho ningependa ukikumbuke kuliko jumba. Mnamo 1869 na 1870 kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Zanzibar, mji ambao watu wake wengi walichota maji kwenye visima vichafu. Barghash alijenga mfereji kutoka chemchemi za nje ya mji, akaleta maji safi hadi mitaani, na watu wakayachota bure. Mpagazi, mvuvi, mwanamke wa ng'ambo ya mji asiyekuwa na jamaa kasri, wote waliyanywa.

Sasa linganisha. Maji yalimfikia mtu wa kawaida. Taa ziliishia kasri na mitaa ya jirani. Mtawala alikuwa yule yule na hazina ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa ni uamuzi wa mahali bomba litakapofika na mahali waya utakapokatikia. Mashine haiamui jambo hilo. Mtu ndiye anayeamua.

Alinunua, hakumiliki

Hapa ndipo kisa kinapouma. Merikebu zilikuwa zake, lakini ziliundwa kwingine. Jeshi lake jipya lilifundishwa na afisa Mwingereza, Lloyd Mathews. Waya wa simu ulikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza. Yeye alikuwa mteja mzuri, anayelipa, na kijijini mwake hapakuwa na karakana ya kutengeneza hata kimoja cha vitu hivyo kwa mikono ya wenyeji.

Mwisho wa 1884 Mjerumani Carl Peters alipita bara ya Tanganyika akisainisha machifu mikataba. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin wakijadili Afrika. Barghash akalalamika. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, mizinga ikielekea jumba. Dada yake Salme, yule wa uasi wa 1859 ambaye sasa alikuwa mjane wa Mjerumani, aliletwa na Wajerumani katika msafara huo. Barghash alingoja Waingereza rafiki zake wamtetee. Hawakumtetea.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Hata ukanda huo, Mei 1887 alilazimika kuikodisha sehemu yetu, pamoja na Mombasa, kwa kampuni ya William Mackinnon. Machi 1888 akafariki, ana miaka kama hamsini na moja. Miaka minane baadaye, Agosti 1896, Waingereza waliipigia mizinga Zanzibar na kuizamisha Glasgow pale pale bandarini.

Mtu aliyekuwa na merikebu za stima, simu ya waya na kiwanda cha vitabu alikufa akiwa amebaki na kipande cha milki ya baba yake.

Stima ya mtumba

Jenereta yake haikufa naye. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua, na ikaundwa kampuni iliyoitwa Mombasa Electric Power and Lighting. Ukipenda, stima ya kwanza ya Mombasa ilikuwa mtumba, kama shati unalochagua Kongowea.

Sasa sikiliza kampuni hiyo ilipewa kazi gani. Ilipewa kazi ya kusambaza umeme kisiwani. Kisiwani, basi. Likoni iko ng'ambo ya kivuko. Kisauni ilikuwa ng'ambo ya mkono wa bahari usio na daraja. Changamwe treni zilikuwa zikipita kwenda na kurudi. Kasri lilikuwa limegeuka kisiwa, na bara lilibaki kuwa ile mitaa ambayo waya haukuifikia.

Mwaka 1922 kampuni hiyo iliungana na ile ya Nairobi, ikawa East African Power and Lighting, na mwaka 1983 jina likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting. Katika miaka hiyo bara nalo liliingizwa kwenye umeme, lakini tazama lilivyoingizwa. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichofunguliwa 1963, kiliwekwa Changamwe. Mitambo ya kuzalisha umeme kwa kuchoma mafuta iliwekwa Kipevu, Changamwe hiyo hiyo. Hata mwaka 2011, Kipevu III ya megawati 120 ilipowashwa, ilikuja na mabomba yake ya moshi. Watu waliorukwa na waya wa kwanza ndio waliopangiwa kuishi karibu na bomba la moshi.

Usafishaji wa mafuta Changamwe ulisimama mwaka 2013. Mwaka 2017 laini kubwa ya Nairobi hadi Mombasa iliwashwa, na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria ukapata njia pana ya kushuka pwani. Mashamba ya upepo ya Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, yaliunganishwa na gridi mwaka 2018. Kwa hiyo zile shilingi hamsini zako za tokeni, leo kwa sehemu kubwa zinanunua mvuke, maji na upepo. Nishati safi si hadithi ya kesho. Imeshafika kwenye soketi yako. Lakini laini hiyo bado ina wenyewe, na wewe bado uko mwisho wa waya.

Zamu yako

Paneli ya sola inaweza kubadilisha hilo, kwa sababu jua la Shika Adabu halipitii kisiwani kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu 1908, mtu wa bara anaweza kuzalisha umeme juu ya paa lake mwenyewe. Lakini usikimbilie kusaini kama Barghash alivyokimbilia kununua. Ukiletewa paneli ya kulipia kidogo kidogo au pikipiki ya betri, uliza nani anaweza kuizima kutoka mbali ukichelewa kulipa siku moja. Uliza betri ikichoka itatengenezwa na nani, na kama fundi huyo yuko Magongo au yuko ng'ambo ya bahari. Uliza ile betri mbovu itatupwa wapi, isije ikawa ni jalala la Changamwe tena.

Miwani ya uhalisia pepe nayo ina swali lake. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka, ikaua watu wawili. Leo kuna vifaa vya miale vinavyopima jengo zima, ukuta kwa ukuta, hadi mtoto wa Mtongwe akavaa miwani na kupanda ngazi za jumba ambalo hajawahi kuliona. Ni kazi nzuri, na vijana wetu wanaweza kuifanya kwa Fort Jesus, kwa kengele ya Frere Town, kwa misikiti ya zamani ya Kisauni. Ila picha hizo zitawekwa kwenye kompyuta ya nani? Barghash alipokea waya wa simu kwa furaha, na kampuni ya London ikabaki na waya.

Sisemi uogope vitu vipya. Barghash hakukosea kuvipenda. Maji yake yaliokoa watu, na hakuna anayeweza kumnyang'anya sifa hiyo. Alikosea kudhani kwamba anayelipia mashine ndiye mwenye mashine. Kwa hiyo kijana unayesoma haya, ukipata nafasi ya kujifunza kufunga sola, kutengeneza betri, au kuandika programu za hiyo miwani, ichukue, hata kama mwanzoni pesa ni kidogo kuliko ya kuuza vifaa hivyo dukani. Anayeuza anategemea shehena. Anayejua kutengeneza anategemewa.

Na tokeni zikikuishia tena usiku huu, kabla hujanunua, toka nje kidogo utazame mtaa wako. Angalia taa zinaishia wapi. Jua nani ameamua ziishie hapo, kisha uliza kwa nini.